Madini ya Chuma Yanapopungua Baada ya Saratani ya Titi: Yanavujia Wapi?

"Daktari, si ni zile dripu za kemo?" Hilo ndilo swali ambalo mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi hutuuliza mara anapoambiwa kuwa wekundu wa damu (hemoglobini) umeshuka, na kwa bahati mbaya ndilo jibu ambalo hata sisi wahudumu wa afya hulitoa kwa haraka. Wakati mwingine huwa kweli, hasa matibabu yanapokuwa bado yanaendelea. Lakini vipimo vikionyesha kwamba kilichokwisha mwilini ni madini ya chuma, swali lenyewe hubadilika, kwa sababu kemo, yaani dawa za kuua saratani, haili chuma.

Damu hutengenezwa ndani ya uroto wa mifupa, na chuma ni malighafi ya wekundu wake. Kemo huwadhoofisha mafundi walioko kwenye uroto huo, kwa hiyo damu hushuka wakati wa matibabu na kwa kawaida hupanda tena miezi michache baada ya dozi ya mwisho. Mafundi wakigoma, saruji haipungui; hurundikana ghalani. Kwa mantiki hiyo hiyo, mgonjwa ambaye kasoro iko kwenye uroto huwa na akiba ya chuma ya kawaida au iliyozidi, ilhali yule ambaye ghala lake ni tupu amekuwa akivuja damu mahali fulani, au utumbo wake haupokei chuma, au chakula chake hakina chuma cha kutosha. Kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, tunaanza kwa kudhani kuwa anavuja, na dhana hiyo haiachwi mpaka chanzo cha kuvuja kitafutwe na kukosekana.

Nitamtumia mgonjwa wa mfano, niliyemtunga kutokana na wengi tunaowaona kliniki. Ni mama wa miaka 58, muuza vitenge, aliyefanyiwa upasuaji wa titi la kushoto miaka sita iliyopita, akapata kemo, akapigwa mionzi, kisha akaanzishiwa anastrozoli, dawa ya kuzuia homoni ya estrojeni, kidonge kimoja kila siku. Sasa anahema akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza na moyo unamwenda mbio. Binti yake, aliyemsindikiza, ndiye aliyetoa habari ambayo mama hakuiona kuwa ya kumweleza daktari: ndani ya pochi yake hakikosekani kipande cha udongo wa kula, na akichambua mchele hutafuna punje mbichi. Hamu ya udongo, ya mchele mbichi au ya barafu ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, na si tabia ya ujauzito peke yake kama wengi wanavyodhani. Wanawake huificha kwa aibu, kwa hiyo ni juu ya daktari kuuliza, tena aulize bila kucheka.

Tuisome karatasi yake ya maabara. Wekundu wa damu ni gramu 8.4 kwa desilita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango kisipungue 12. Ukubwa wa chembe nyekundu ni 68, na tunatarajia uanzie 80. Ferritini, yaani kipimo cha ghala la chuma, ni mikrogramu 38 kwa lita, na pembeni yake mashine imechapa kwamba ni ya kawaida. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ferritini hupanda yenyewe mwili unapopambana na maambukizi, maradhi ya ini, ugonjwa wa viungo au saratani, hata kama ghala ni tupu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa mikrogramu 15 kwa mtu mzima mwenye afya, lakini huusogeza hadi 70 kwa mwenye maambukizi au ugonjwa wa aina hiyo. Kwa mama huyu CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili unapopambana na ugonjwa, kilikuwa juu, kwa hiyo ile 38 haikuwa ya kumfariji mtu. Kilichomaliza ubishi ni transferini, protini inayobeba chuma ndani ya damu kama mkokoteni: kati ya nafasi 100 za kupakia mzigo, 7 tu ndizo zilizokuwa na chuma, na tunataka angalau 20.

Ni kweli pia kwamba si kila chembe ndogo ni dalili ya kukosa chuma. Katika ukanda wetu wapo watu wengi waliorithi vinasaba vya alfathalasemia, hali inayopunguza utengenezaji wa wekundu wa damu, na hao chembe zao huwa ndogo tangu utotoni bila madhara makubwa. Jibu la swali hili mara nyingi limo kwenye bahasha ya majibu ya zamani iliyowekwa kabatini. Bahasha ya mama huyu ilionyesha kwamba kabla ya kemo ya kwanza chembe zake zilikuwa na ukubwa wa 86. Udogo huu, basi, ni mgeni.

Watu husita kuamini kwamba mtu anaweza kuvuja damu kwa miezi bila kuiona, na hesabu yenyewe ni fupi. Mwili wa mtu mzima hufyonza chuma miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Mililita moja ya damu ina takribani nusu miligramu ya chuma. Anayepoteza kijiko kimoja cha chai cha damu kila siku, mililita 5, anapoteza miligramu 2.5, yaani zaidi ya anachoingiza, na akiba yake itakauka polepole. Kijiko hicho kikichanganyika na kinyesi hakionekani kwa macho. Choo huanza kuwa cheusi kama lami pale damu iliyomwagika tumboni inapofikia mililita 50 au zaidi. Kwa hiyo "sijaona damu chooni" ni jibu la kweli ambalo halifungi uchunguzi, kama ambavyo kipimo cha choo kisichoonyesha damu hakiufungi.

Sasa tuulize inavujia wapi. Jambo la kwanza ninaloliuliza kwa mgonjwa wa saratani ya titi ni dawa za maumivu, na naliuliza kwa namna maalumu. Anastrozoli na letrozoli, dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, huwaletea wanawake wengi maumivu ya viungo: vidole vinakakamaa asubuhi, magoti yanauma. Mgonjwa anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki au ibuprofeni, anapata nafuu, na kuanzia hapo hununua mwenyewe. Ukimuuliza kama anatumia dawa nyingine atasema hapana, na hasemi uongo, kwa kuwa kwake "dawa" ni zile za saratani. Muulize badala yake, "Mama, magoti yakikuuma unameza nini?" Huyu alitoa karatasi ya diklofenaki kutoka kwenye pochi ile ile ya udongo. Alikuwa akimeza vidonge viwili kwa siku kwa zaidi ya mwaka. Dawa za jamii hiyo huondoa kinga ya ukuta wa tumbo na huleta vidonda ambavyo vinaweza kuvuja bila kuuma hata kidogo, na hatari huongezeka ikiwa tumboni kuna bakteria wa Helikobakta pailori, ambao ni wengi sana katika nchi zetu, au ikiwa mgonjwa anatumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda.

Anayetumia tamoksifeni ana mlango mwingine wa kuchunguzwa. Dawa hii huzuia estrojeni kwenye titi, lakini kwenye mji wa mimba hufanya kazi kama estrojeni, hivyo inaweza kukuza ukuta wake, kuotesha vinyama na, kwa wachache, kuleta saratani ya mji wa mimba. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona tone la damu, hata mara moja tu, hata doa la rangi ya kahawia kwenye nguo ya ndani, anatakiwa kuonwa na daktari wa magonjwa ya wanawake. Ultrasaundi peke yake huwa na utata hapa, kwa sababu tamoksifeni huufanya ukuta uonekane mnene hata pasipo na ugonjwa. Mara nyingi italazimu kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta huo, kikapimwe maabara. Kwa ambaye bado anapata hedhi tunauliza wingi wake na tunatafuta fibroidi, yaani uvimbe usio saratani kwenye mji wa mimba, ingawa hedhi nyingi isiwe blanketi la kufunikia kila kitu.

Utumbo mpana unastahili kuangaliwa hata kama chanzo kingine kimeshaonekana. Uvimbe ulioko upande wa kulia wa utumbo huo huvuja kimyakimya, hauzibi njia mapema, na mara nyingi upungufu wa chuma ndio dalili yake ya kwanza. Miongozo ya kitaalamu, kwa mfano ile ya Uingereza ya mwaka 2021, inataka mwanamke aliyekoma hedhi mwenye upungufu wa chuma usio na maelezo apimwe kwa kamera juu na chini, yaani tumbo na utumbo mpana. Kuwahi kupata saratani ya titi hakumpunguzii mtu haja hiyo. Aliyepona saratani moja anaweza kupata nyingine isiyohusiana nayo, na katika baadhi ya familia kinasaba kilichoharibika, kama kile kinachoitwa PTEN, huongeza hatari ya titi na ya utumbo kwa pamoja.

Je, saratani yenyewe ya titi inaweza kurudi ikiwa tumboni? Inaweza, japo ni nadra, na aina inayopenda njia hiyo ni ile ya lobula, inayoanzia kwenye vifuko vya kutengeneza maziwa. Hii husambaa chini ya utando laini wa ndani ya tumbo bila kutengeneza donge, wakati mwingine miaka mingi baada ya matibabu, na daktari wa kamera anaweza kuona tumbo lililokakamaa tu au asione kitu. Kinyama cha juujuu huikosa. Hata kikipatikana, chini ya darubini hufanana na saratani ya tumbo, na matibabu ya hizo mbili ni tofauti kabisa. Dawa ya tatizo hili ni sentensi moja kwenye fomu ya maabara: "Mgonjwa aliwahi kuwa na saratani ya titi ya aina ya lobula," na mwaka wake. Mtaalamu wa patholojia akiisoma atajua ni rangi gani maalumu atumie. Fomu nyingi huja zimeandikwa "upungufu wa damu" basi.

Minyoo ya safura haijaondoka kwa sababu mtu aliugua saratani. Anayelima bila viatu anaweza kuwa nayo, na wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria huweza kuwa na kichocho cha utumbo; choo chao kipimwe na wapewe dawa. Lakini kwa mama wa miaka 58 mayai machache ya minyoo hayatoshi kueleza wekundu wa 8.4. Tunauliza pia kama amekuwa akimeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa miaka, kwa kuwa asidi ya tumbo husaidia kufyonza chuma, na kama chai ya rangi ndiyo kinywaji chake cha kila mlo, kwa kuwa huzuia ufyonzaji huo. Juisi ya rozela, maini na matembele ni vyakula vizuri, ila havizibi tundu.

Kuna mpangilio wa mambo ambao ukikosewa uchunguzi wote hupotoka. Damu ya kipimo itolewe kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu chupa moja huingiza chuma miligramu 200 au zaidi, na kabla ya kuanza vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo hukifanya choo kuwa cheusi au kijani kilichoiva sana. Tofauti yake na choo cha damu ni kwamba cha damu hunata kama lami, hung'aa na kunuka vibaya. Vilevile vidonge hivyo huchafua utumbo mpana, kwa hiyo tunavisimamisha siku 7 kabla ya kamera ya chini. Wapo wagonjwa ambao kushuka kwa wekundu wao hakutokani na chuma kabisa: chembe zao ni kubwa badala ya ndogo, chembe nyeupe na sahani zinazogandisha damu zimeshuka pia. Hao tunawachukulia sampuli ya uroto ipimwe, maana miaka kadhaa baada ya dawa za kemo kama doksorubisini na siklofosfamidi uroto unaweza kupata ugonjwa wake, na saratani yenyewe inaweza kuhamia humo.

Mama yetu alipimwa kwa kamera ya juu, kikaonekana kidonda cha tumbo chenye upana wa sentimita moja, na kinyama kikathibitisha Helikobakta. Ndugu zake wakashukuru na kutaka kuondoka. Tulimwomba abaki kwa ajili ya kamera ya chini, kwa sababu kidonda kimoja hakikanushi uvimbe mwingine. Utumbo ulikuwa safi. Alipewa dawa za kuua bakteria, diklofenaki ikasimamishwa, na daktari wake wa saratani akaombwa kuangalia upya anastrozoli na maumivu ya magoti. Chuma alianza kwa kidonge kimoja kwa siku tumbo likiwa tupu. Baada ya wiki mbili wekundu ulikuwa 9.5, ongezeko la zaidi ya gramu 1, na hiyo ndiyo kasi tunayoitegemea. Ingekuwa chini ya hapo tungeuliza kama anameza vidonge, kama bado anavuja, au kama anahitaji chuma cha mshipani. Ataendelea na vidonge kwa miezi mitatu baada ya wekundu kufika 12, ili ghala nalo lijae, kisha atapimwa tena kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mzima. Ukishuka tena bila sababu, kitakachofuata ni utumbo mwembamba, ambao sehemu yake kubwa kamera zote mbili haziifikii.