Kuunganisha Excel na faili la mtandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Karani yuko mwalo wa Kibirizi, Kigoma, simu mkononi, anaandika kwenye Google Sheets: jina la kipe (chombo cha kuvulia dagaa), kilo za dagaa, bei, nani kachukua. Bosi wake yuko Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, na laptopu, hesabu zake zote ziko kwenye Excel. Anataka ya mwaloni yaingie kwenye hesabu hizo bila mtu kukaa kila jioni kunakili namba. Jambo hilo linawezekana, na kwa kawaida halidai kununua programu mpya. Kinachowakwamisha watu ni maneno ya kijiweni kuhusu namna linavyofanya kazi.

"Nitumie linki ya kushea, Excel itaisoma."

Wengi huishia hapa. Linki ya kushea humfungulia mtu ukurasa mzima: menyu, vitufe, rangi, na jedwali likiwa ndani yake. Excel ikipewa linki hiyo huvuta ukurasa, ndiyo maana unaletewa vitu usivyovielewa au unaambiwa uingie kwa akaunti. Yenyewe inataka data tupu. Kwenye Google Sheets fungua "File", kisha "Share", kisha "Publish to web". Chagua shiti moja unayoitaka, na aina ya faili iwe CSV, yaani jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu. Linki utakayopewa itakuwa na maneno output=csv mwishoni. Kabla ya kwenda Excel, ibandike kwenye kivinjari uione: ikishusha faili, iko sawa, ikikufungulia ukurasa wa kutazama, umechukua linki siyo. Upande wa Excel ni "Data", "Get Data", "From Other Sources", "From Web". Ikiuliza unaingiaje, chagua "Anonymous". Kwa faili lililoko Dropbox, tafuta dl=0 kwenye linki uigeuze iwe dl=1.

"Ikishaungwa, karani akiandika tu naona."

Huoni. Excel huchota nakala pale inapoambiwa ichote: ukibonyeza "Refresh All", au ukiwa umeweka alama kwenye sifa za kiungo ili ivute kila faili linapofunguliwa, au kila baada ya dakika kadhaa. Hizo dakika nazo zinahesabika faili likiwa wazi tu. Ukilifunga, hakuna kinachovutwa. Na upande wa Google pia kuna ucheleweshaji wake: data iliyochapishwa kwa "Publish to web" huchukua dakika chache kabla ya kubadilika, mara nyingi kama tano. Kwa hiyo bosi asimgombeze karani saa mbili asubuhi eti hajaandika mzigo wa saa moja na dakika hamsini na nane.

"Nikisahihisha kwenye Excel, mtandaoni kutasahihishika."

Hili ndilo lenye hasara ya pesa, na afadhali nilifafanue. Njia hii ni ya kwenda upande mmoja. Ukiona karani kaandika kilo 800 badala ya 80, ukafuta ile sifuri kwenye Excel, marekebisho yako yataishi mpaka utakapovuta tena, 800 itarudi. Kosa lisahihishwe kule lilikoandikwa.

Baya zaidi ni zile kauli ambazo mtu huziandika pembeni mwa data iliyovutwa. Tuseme mstari wa nne ni wa mnunuzi fulani, nawe ukaandika mbele yake "hajalipa". Mchana karani anakumbuka kipe kilichochelewa, anakiingiza katikati, juu ya mstari ule. Ukivuta upya, mnunuzi wako anashuka mstari wa tano. Lile neno "hajalipa" halikufungwa na jina lake, kwa hiyo mara nyingi linabaki palepale, na sasa liko mbele ya mtu aliyelipa taslimu. Jioni unampigia simu kumdai. Hapo ugomvi hauna mwisho.

Dawa yake ni kumwambia karani aweke namba ya risiti kwenye kila mstari, isiyojirudia. Wewe fungua shiti nyingine ya kwako: safu moja namba ya risiti, safu ya pili hali ya malipo. Kisha tumia VLOOKUP, fomula ya Excel inayotafuta mstari kwa namba yake, kuyakutanisha. Mistari ipande ishuke itakavyo, deni litamfuata mwenyewe.

"Publish to web haina shida, linki ninayo mimi tu."

Kuchapisha maana yake ni kwamba yeyote mwenye linki anasoma, bila nenosiri wala kuomba ruhusa. Linki hupitia WhatsApp, hubaki kwenye simu iliyouzwa, hukaa ndani ya faili la Excel ulilomtumia mtu mwingine. Angalia pia kwamba usipochagua shiti, chaguo linalokusubiri pale ni hati nzima, pamoja na ile shiti ya madeni uliyoisahau. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Majina na namba za simu za wanunuzi ni taarifa binafsi, hata kama zimekusanywa na mfanyabiashara wa dagaa.

Mimi ningefanya hivi: tengeneza shiti ya pili kule kule Google, ivute kutoka ya kwanza tarehe, namba ya risiti, kilo na bei tu, kisha uchapishe hiyo peke yake. Majina yabaki nyumbani. Ikiwa lazima majina yasafiri, weka faili kwenye OneDrive ya kazini (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), ambako Excel huingia kwa akaunti yako kwanza ndipo isome.

"Mtandao ukikata, hesabu zinapotea."

Hazipotei. Nakala ya mwisho iliyovutwa inabaki ndani ya faili. Anayepanda boti kwenda Kalya avute kabla hajaondoka, atafanya kazi njia nzima. Akijaribu kuvuta tena huko asiko na mtandao ataletewa onyo, na namba za zamani zitabaki zilivyo.

"Inamaliza bando."

Inategemea umeiwekaje. CSV ni maandishi matupu. Mistari 2,000 yenye herufi kama 60 kila mmoja ni takribani KB 120, pungufu ya picha nyingi za simu. Ila kila ukivuta unachukua faili lote upya, si mistari mipya tu. Ukiiweka ivute kila dakika kwa saa nane, hiyo ni mara 480, karibu MB 58 kwa siku, kwa dagaa ambao wameshaanikwa. Mara mbili kwa siku inatosha.

"Imeleta kosa, basi linki imekufa."

Inaweza kuwa imekufa, lakini kwanza angalia vichwa vya safu. Excel huzikumbuka safu kwa majina. Karani akibadilisha "Kilo" kuwa "Kilo za dagaa", au akaongeza nafasi moja tu mwishoni, Excel itasema safu haipo na itagoma kuvuta kila kitu. Rudisha jina la awali, itaendelea. Na si kila ukimya ni kosa: Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, jedwali la mwalo lisingeongezeka hata mstari mmoja, na kiungo kingekuwa kizima kabisa.

"Tarehe zinakuja zilivyo."

Zinakuja, ila zinasomwa vingine. 05/06/2025 kwetu ni Juni 5. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani inasoma Mei 6 bila kukuonya. 13/06/2025 inaishinda, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na hapo ndipo mtu hushtuka, akiwa na karibu nusu ya mwezi iliyokwisha kuchanganyika. Ndani ya dirisha la Power Query (sehemu ya Excel inayovuta na kupanga data) badili aina ya safu kwa "Using Locale", uchague "English (United Kingdom)", au mzoeshe karani kuandika 2025-06-05. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele. Zifanye maandishi, si namba.

"Lazima uwe na Excel ya kulipia kila mwezi."

Kwa Windows, Excel 2016 na kuendelea ina uwezo huu ndani yake. Ya 2010 na 2013 zilihitaji kuongezewa Power Query. Asiye na Excel kabisa ana LibreOffice Calc, ambayo ni bure: "Sheet", kisha "Link to External Data" (au "External Links", kutegemea toleo), bandika linki ile ile ya CSV na ubonyeze Enter. Muda wa kuvuta kule huandikwa kwa sekunde, kwa hiyo ukitaka kila saa andika 3600.