Kwenda darasani kuona daftari la mwanao: tunayodhani na yalivyo

Siku ya wazazi, akina mama hujaa darasani na akina baba wachache tunabaki mlangoni, mikono mifukoni. Mwanangu alipokuwa darasa la kwanza nilikuwa mmoja wa hao wa mlangoni. Nilipoingia ndipo nikagundua nimebeba dhana nyingi za bure.

"Mzazi haitwi shule ila mtoto amekosa, au kuna mchango."

Shule za msingi za serikali Tanzania hazitozi ada, na kutazama kazi ya mwanao hakujawahi kulipiwa. Huhitaji kusubiri barua. Pita ofisini kwa mwalimu mkuu, saini kitabu cha wageni, kisha patana na mwalimu wa darasa saa ambayo hafundishi. Usisimame dirishani kipindi kikiendelea. Darasa zima litageuka, na wako ndiye atakayekupungia mkono.

"Daftari limejaa vema, basi mtoto anajua."

Hii ndiyo iliyoniumbua. Ukurasa ulikuwa na vema kila mstari, na mwanangu akanisomea bila kusita: "Mama anapika ugali." Nikatabasamu kama niliyeshinda bahati nasibu. Mwalimu akamwambia, "Haya, muoneshe baba neno ugali liko wapi." Kidole kikaenda kwenye "anapika". Kumbe sentensi ilikuwa kichwani, si machoni.

Vema huonesha kazi imesahihishwa na jibu ni sahihi. Haioneshi kama mtoto alinakili ubaoni, kwa jirani, au alifikiri mwenyewe. Na mwalimu tumuonee huruma: kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa darasa, ila madarasa yenye watoto wengi zaidi si jambo la ajabu. Hawezi kumwandikia kila mmoja maelezo. Hiyo ndiyo kazi yako ukikaa naye dakika kumi: chagua neno la katikati, ziba mengine kwa kiganja, mwambie asome.

"Nimemfundisha a, be, che nyumbani, shule wanamchanganya."

Tunaochanganya ni sisi. Mtihani wa dakika moja: tamka jina la herufi m, "me", halafu "a", uunganishe. Umepata "mea". Mtoto alitakiwa kusoma "ma". Ndiyo maana madarasa ya mwanzo, ambako mkazo ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mwalimu huanza na sauti ya herufi: "mmm" na "a", "ma". Akifika silabi ba, be, bi, bo, bu, njia imeshafunguka. Majina ya herufi yatakuja tu.

"Anahesabu kwa vidole na vizibo vya soda, huyu mzito."

Hapana. Kwa mtoto wa miaka sita, 7 + 5 ni vitu vya kushika kabla ya kuwa alama za kuandika. Vizibo na vijiti vile mwalimu kaviomba makusudi.

"Mimi sikusoma, nikienda nitaona nini?"

Utaona mengi kuliko unavyofikiri. Fungua kazi ya mwezi wa kwanza, kisha ya wiki hii, uziweke pamoja. Herufi zimekaa kwenye mstari au bado zinaelea? Kuna kurasa alizoanza akaziacha njiani? Kuna siku nyingi zilizorukwa? Mambo hayo hayahitaji cheti. Kisha mwambie, "Nieleze hapa ulifanya nini," unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, najua.

"Anaandika herufi kinyumenyume, ana tatizo la akili."

Kugeuza b na d, hata 3, ni kawaida kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, na wengi huacha kadiri wanavyozoea kuandika. Akivuka miaka minane bado anageuza na kusoma kunamshinda, zungumza na mwalimu, na umpeleke akapimwe macho. Kumgombeza mbele ya wenzake hakunyooshi herufi hata moja.

Siku ile mwanangu alinivuta hadi ukutani kwenye mchoro wake: nyumba, mnazi, na mtu mrefu mwenye mikono kama reki. Chini yake ameandika kwa penseli nzito, "dada yangu". Hana dada. Alikuwa amenichora mimi.