Wanaobisha hodi kwenye seva yako

Wengi wanaoanza kuendesha seva yao wenyewe, iwe kompyuta kuukuu sebuleni hapa Moshi au ya kukodi ng'ambo, huamini kuwa maombi ya ajabu kwenye logi, yaani faili linaloandika kila ombi linalofika kwenye seva, ni dalili ya mtu anayewawinda wao hasa. Hofu hiyo inaeleweka. Unafungua faili saa nne usiku, unakuta mstari huu: "GET /wp-login.php", jibu 404, kutoka nchi usiyo na hata rafiki. Huo ni ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na hujawahi kuiweka.

Hapo ndipo penye jibu. Anayekulenga wewe angeanza kwa kujua una nini. Hizi ni programu zinazobisha kila mlango: anwani za IPv4, namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu, na kompyuta moja yenye mtandao wa kasi huweza kuzibishia hodi zote kwa chini ya saa moja. Tena, ukichukua cheti cha HTTPS, kile kinacholinda mawasiliano ya tovuti, jina la tovuti yako kwa kawaida huingia kwenye daftari la wazi, kwa hiyo wageni hufika hata kabla hujamwambia jirani.

Kagua mwenyewe. 404 maana yake hawakukuta kitu. 200 maana yake walikuta kitu; ukiiona kwenye njia usiyoitambua, ifungue uone walichopewa. Amri ya whois huonyesha anwani ni ya nani, mara nyingi kampuni ya kukodisha seva. Jina la programu analojitambulisha nalo mgeni usilitegemee, huandikwa lolote. Kwenye logi ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, "Failed password" (nywila imekataliwa) hata mia kwa siku ni kawaida. "Accepted" (mtu kafanikiwa kuingia) usiyoijua ndiyo ya kukunyima usingizi.