Laptopu ikiwa nzito usikimbilie kupiga Windows, angalia diski kwanza

Wiki iliyopita nilikaa na vijana watano wanaotafuta nafasi ya field ofisini kwetu hapa Arusha, na wote niliwauliza swali moja tu: mteja kaleta laptopu anasema imekuwa nzito, unafanyaje? Wanne wakajibu hata sijamaliza kuuliza, "napiga Windows", yaani naiweka Windows upya. Mmoja akaongeza, "nafomati kabisa kaka, vairasi wote wanaondoka". Hao ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kwenye CV zao wameandika matengenezo ya kompyuta. Siwalaumu sana maana hata mtaani jibu ni hilohilo, mteja akifika tu flashi ya Windows inachomekwa, hakuna anayeuliza kitu. Nimelirudia kwa mdomo mpaka nimechoka kwa hiyo leo naliandika.

Laptopu nyingi nzito zinazofika mezani kwangu hazina vairasi. Zina HDD iliyochoka, ile diski ya kuhifadhia yenye sahani zinazozunguka, basi. HDD ya laptopu inayozunguka mara 5400 kwa dakika, hata ikiwa nzima kabisa, ukiidai faili ndogondogo zilizotawanyika inamudu kama mia moja hivi kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida, diski isiyo na kitu kinachozunguka, inafika makumi elfu. Na Windows 10 na 11 muda wote zinasoma vitu vidogovidogo: apdeti, Defender (antivairasi ya Windows yenyewe), kutafuta mafaili, vyote vinagombania diski hiyohiyo moja. Sasa diski ikianza kuwa na sekta mbovu, yaani vipande vidogo visivyosomeka, inang'ang'ania sehemu moja, inasoma, inashindwa, inarudia, inarudia tena, na wewe huku mausi imeganda unasema vairasi.

Kinachonikera kuliko vyote ni yule anayeniambia "lakini mimi nilipiga Windows ikawa nyepesi". Ni kweli ikawa nyepesi, sibishi, ila tuulizane kwa nini. Kwanza zile programu kumi na tano zilizokuwa zinajiwasha pamoja na kompyuta zimeondoka, na hizo ungezizima kwenye Task Manager kwa dakika mbili bila kugusa faili la mtu. Pili Windows mpya imeandikwa sehemu nyingine ya diski ambayo pengine bado nzima, kwa hiyo ubovu uko palepale ila kwa sasa hakuna anayeupita. Tatu, na hili mafundi wengi hawalijui, fomati ziko mbili. Ile ya haraka, ambayo ndiyo unaifanya ukiwa unapiga Windows, haigusi sekta mbovu hata moja, inafuta orodha ya mafaili tu. Ile ndefu, tangu Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima, na diski ikilazimishwa kuandika juu ya sekta iliyoshindwa kusomeka ndio inapata nafasi ya kuitoa kazini na kuweka ya akiba. Kwa hiyo, iwe kwa njia ipi kati ya hizo, umeipa diski nafuu tu, na kwa uzoefu wangu nafuu hiyo ni ya wiki chache mpaka miezi, halafu mteja anarudi, na wewe unampiga Windows tena na hela unachukua tena. Mimi hiyo siiti ufundi.

Na kuna hasara yenyewe. Mama mmoja wa Kijenge alikuja na laptopu, yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha vikoba, hesabu za miaka mitatu za michango na mikopo zote ziko kwenye Excel, faili liko hapo desktopu. Nikamwamkia, akaitika akasema, "Mwanangu, fundi ameitengeneza imekuwa nyepesi ila sioni vitu vyangu." Fundi hakumuuliza, kapiga Windows moja kwa moja. Windows 10 ukiiweka inakula kama GB 20, na hizo GB zinaandikwa juu ya kitu, wala sio hewani. Nilipitisha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, usiku kucha nikatoa maelfu ya mafaili, ila PhotoRec hairudishi majina, kwa hiyo tulikaa na yule mama siku mbili tunafungua moja moja mpaka tukalipata faili, bahati mbaya ni la miezi mitano nyuma. Miezi mitano ya pesa za wanawake thelathini walikaa chini wakaanza kuikumbuka kwa madaftari na meseji za simu. Na hapo ilikuwa HDD. Ingekuwa SSD, ukifomati tu Windows inaiambia diski kupitia amri inayoitwa TRIM kwamba nafasi yote ni ya kufutwa, na baada ya hapo hata uje na programu gani unakuta sifuri tupu.

Kwa hiyo anza hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye Performance, tulia uangalie. Disk ikiwa 100% halafu kasi ya kusoma inaonyesha MB moja au mbili tu na muda wa kujibu umepanda mpaka milisekunde elfu na zaidi, hiyo diski inaumwa. Memory ikiwa imejaa na diski nayo inahangaika, hapo RAM ni ndogo, GB 4 na Chrome yenye tabu ishirini haziwezani. CPU ikiwa imekwama 0.79 GHz haipandi hata ukifungua vitu, angalia joto na chaja, feni zimejaa vumbi letu hili jekundu au chaja sio yake na mashine imejibana yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoponywa na Windows mpya.

Ukishuku diski fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe, angalia namba tatu: 05 (sekta zilizokwisha kubadilishwa), C5 na C6 (sekta zilizoshindikana). C5 ndio mimi naiogopa zaidi, ni sekta zinazosubiri hukumu. Ukikuta sio sifuri usifanye kitu kingine chochote, usiskani vairasi, usipige chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, maana inaipitisha diski mgonjwa sekta zote moja baada ya nyingine, kopi data kwanza. Ikikataa kukopi, hapo ni wasaa wa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye Linux, inachukua sehemu nzima kwanza halafu ndio inarudi kuhangaika na zile mbovu.

Nikiri kitu hapa. Hizo namba sio nabii. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya laki moja, na katika zile zilizokufa zaidi ya nusu hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye dalili nne kubwa za SMART. Mimi mwenyewe nimeshamwambia mteja diski yako nzima, ikafa ndani ya mwezi, na nilimrudishia hela yake. Siku hizi nikikuta namba safi naandika kwenye risiti kwamba sijaona ubovu, siandiki kwamba ni nzima, na bakapu namfanyia vilevile. SSD ndio mbaya zaidi kwa hilo, nyingine inazimika ghafla bila kuaga.

Kwa ndugu zangu wa utalii, ninyi ndio mnaziua hizi diski kuliko wote. Laptopu yenye HDD imewashwa kwenye Landkruza, barabara ya rafu kuelekea Serengeti, unahamisha picha za wageni! Kichwa cha kusoma kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Na wa mlimani, kile kichwa kinaelea kwa hewa, hewa ikipungua kinashuka. HDD nyingi za kawaida mwisho wake ikiwa inafanya kazi ni kama mita 3,000, kwenye vituo vya Kilimanjaro, Mandara mita 2,720 uko salama, Horombo 3,720 umeshavuka. Bebeni SSD.

Antivairasi sitasema sana: Defender iliyomo ndani inatosha watu wengi, na kuweka antivairasi mbili ni kujiongezea uzito. Vairasi wengi ninaowakuta mimi wameingia na kreki (programu ya kukwepa leseni) ya Windows au Office ambayo fundi mwenyewe ndiye kaiweka. Na Windows 10 imeachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo ile laptopu ya zamani ya nyumbani weka SSD na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, itafungua barua na YouTube vizuri tu.

Sasa CV. Vijana, "matengenezo ya kompyuta" hainiambii kitu, kila mtu ameandika. Niandikie tatizo, ulipima nini, ukakuta nini, ukafanya nini. Mfano: "Laptopu ya mhasibu iliganda kila asubuhi, nilikuta C5 ina 48, nilikopi data zote kwa ddrescue, nikaweka SSD, hakuna faili lililopotea." Mistari mitatu kama hiyo ya kweli, hata kama ni laptopu ya shangazi yako, naisoma kuliko vyeti vinne. Na orodha ya Word, Excel, PowerPoint itoe, ukiomba kazi ya IT tunajua unaijua.

Yule kijana wa tano nilipomuuliza swali langu alikaa kimya kidogo, akasema, "Ningemuuliza kwanza ilianza lini, na kama kuna vitu vyake humo ndani anavihitaji." CV yake ilikuwa ukurasa mmoja na imejaa makosa ya tahajia. Anaanza Jumatatu.