Mfuatano wa mwani sio msimu

Juzi nimeona tena picha ya mwamba wa pwani mwezi wa pili, mwani umeungua na jua mpaka umekuwa mweupe, na chini yake ndugu mmoja kaandika "huu ndo mfuatano wa jamii za mwani". Hapana jamani, huo ni msimu.

Mfuatano, kwa ufupi, ni jinsi viumbe tofauti wanavyopokezana sehemu moja baada ya sehemu hiyo kubaki wazi. Basi, maana yake ndo hiyo.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Limetoka kwenye kufuatana, na sisi tukisema "tulifuatana sokoni" maana yake tulikwenda pamoja, hakuna aliyeondoka ili mwenzake aingie. Kwa Kiingereza neno wanalotumia, succession, ni lile lile la mfalme akifariki na mwanawe akakalia kiti, yaani mmoja anatoka mwingine anashika nafasi yake, na kwa Kiswahili hiyo ni kupokezana kabisa, kama watu wanavyopokezana zamu. Mimi ningependa tungesema mpokezano toka mwanzo lakini vitabu vishaandika mfuatano, sawa, tulitumie ila tukijua ndani yake kuna mtu anaondoka.

Sasa msimu hauna hiyo. Wakati wa kaskazi jua ni kali, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ikija huku kwetu maji yanatoka saa nne saa tano asubuhi, mwamba unakaa wazi mchana mwani unakauka. Kusi ikiingia bahari inapoa, na anayerudi pale ni yule yule aliyekuwepo mwaka jana. Nafasi haijachukuliwa na mtu.

Ukitaka kuuona mfuatano wenyewe nenda wakati maji yametoka uwafuate wanaochokoa pweza. Wanapindua mawe, na wengine hawayarudishi. Ule upande uliokuwa chini gizani hauna mwani, leo umeangalia juu. Baada ya siku chache ukiupitisha kidole unateleza, huo ni utando wa vijimea vidogo usivyoviona kwa macho. Alafu inakuja kijani, nyuzi nyuzi na ile mipana myembamba kama karatasi iliyolowa, inaota haraka na inaliwa haraka. Baadaye unakuta zulia fupi lililoshika mchanga, na mwani wa kahawia wenye umbo la upepeo. Na kila jiwe lina lake, kuna anayemtengenezea mwenzake njia, kuna anayemzibia kabisa, na kuna asiyemjali. Watafiti wawili, Connell na Slatyer, waliziandika njia hizo tatu mwaka 1977 na mpaka leo ndo tunazitumia.

Kosa la pili, na hili linaniuma zaidi, ni kudhani mfuatano lazima uishie kwenye mwani mwingi mrefu. Fikra hiyo ilitoka nchi kavu, Clements, mtaalamu wa mimea wa Marekani, mwaka 1916 aliufananisha uoto na mwili unaokua mpaka utu uzima. Kwenye miamba ya tropiki wanaokula mwani wapo mwaka mzima, samaki kama tafi wanapanda na maji yakijaa, konokono wanakwangua usiku na mchana. Watafiti Menge na Lubchenco kule ghuba ya Panama walipowazuia samaki, kaa na konokono, mwani wenye majani ukaongezeka mahali ambapo kawaida kulikuwa na mwani mwembamba kama gamba tu, uliobandika kwenye jiwe. Kwa hiyo lile jiwe la rangi ya waridi unalolipita ukisema ni tupu, inama uliguse. Ile rangi ni mwani, mwani wa chokaa, unakua polepole mno na kukwanguliwa hakuusumbui kama wenzake, na pengine umeshika pale muda mrefu kuliko yale majani ya kijani uliyoyapiga picha.

Kwa yule ndugu wa picha, mwamba wako ni mzuri ila andika tu kwamba mwani umeungua na kaskazi. Ukitaka mfuatano tafuta jiwe lililopinduliwa, lipige picha leo, alafu rudi pale pale bamvua ijayo, na inayofuata.