AI kwenye darasa la ukutubi: mpe mwanafunzi kazi ya kuisahihisha

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, sisi tunaofundisha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, tunaulizwa sana, je wanafunzi waruhusiwe kutumia AI (akili bandia) au wapigwe marufuku? Mi naona wenzangu tunachelewa, wanaitumia tayari, hata mle mle darasani chini ya meza, kwa hiyo tuangalie tu tutaifundishia nini.

Anza na marejeo. Mwanafunzi aiombe AI makala 10 za mada fulani halafu azisake moja moja, kwenye katalogi, kwenye databesi, aingize na namba ya DOI (ile ya kuitambulisha makala mtandaoni) aone inampeleka wapi. Hapo ndo vituko vinaanza, anakuta mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, ila makala yenyewe hakuna aliyewahi kuiandika! Hizi programu zikijibu zenyewe hazichomoi kitabu rafuni, zinakisia neno gani lifuate lingine, na marejeo yote yana sura moja kwa hiyo kuyaigiza ni rahisi. Siku hizi zipo zinazopekua intaneti kwanza, hizo zina nafuu, ila nazo zinaweza kutaja chanzo cha kweli zikakisingizia jambo ambalo hakikusema. Mwaka 2023 kuna mawakili New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, kitu ambacho mkutubi aliyeiva angekigundua mapema tu.

Kwenye uainishaji, yaani kukipa kitabu namba ya mada yake, ndo patamu zaidi. Kwa Dewey, mfumo wa namba unaotumika maktaba nyingi, riwaya ya Kiswahili inaenda 896.392 na sarufi ya Kiswahili 496.392, sasa AI ikizichanganya itakujibu kwa kujiamini kama mzee wa kazi, na mwanafunzi asiyejua kwamba 400 ni lugha na 800 ni fasihi atameza hivyo hivyo. Ndo maana nasema namba aitafute kwanza mwenyewe kwenye majedwali, aandike na sababu zake, kisha ndo afungue AI alinganishe, na maksi nyingi ziende kwenye maelezo ya kwa nini wamepishana. Akianza na AI kichwa kinalala.

Kutafuta visawe vya maneno ya kutafutia, kurahisisha makala ngumu, huko inasaidia sana sina ugomvi nayo. Ila rekodi za wasomaji, nani kaazima nini, zisiingizwe humo hata kwa zoezi la dakika 5, tunga majina ya uongo ufundishie hayo.