Kushuka Grand Canyon kwa miguu: maswali ya kujiuliza kabla ya kufunga begi

Kilimanjaro nimeshapanda. Korongo la jangwani litanishinda?

Linaweza. Mlimani ukichoka unageuza, na kurudi ni mteremko. Korongoni mteremko unatangulia na mlima unakusubiri ukiwa hoi. Grand Canyon, jimbo la Arizona nchini Marekani, ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Mto Colorado chini kule uko kwenye mita 750 hivi. Asubuhi unaondoka na sweta, miguu inakwenda yenyewe. Lakini kila ukishuka mita 300, joto linapanda kama nyuzi 3, na majira ya kiangazi huko chini huvuka nyuzi 40 kivulini. Umeshuka kwa saa mbili? Jiwekee saa nne za kupanda. Kufika mtoni na kurudi siku hiyohiyo, usijaribu. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kaa kivulini.

Nibebe maji kiasi gani?

Kwenye joto kali, nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kutembea. Njia ya South Kaibab haina maji kabisa. Bright Angel ina mabomba, lakini hufungwa kwa misimu na wakati mwingine hupasuka, kwa hiyo uliza siku hiyohiyo.

Mtu anakunywa maji mengi na bado anazidiwa. Inakuwaje?

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ushauri wa "kunywa tu maji" umewaponza wengi. Jasho linatoka na chumvi. Itazame fulana ikikauka: inabaki na michirizi myeupe. Ukirudisha maji matupu bila chumvi, damu inazimuka, na ubongo unaanza kuvimba. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, pete inabana kidoleni, mkojo unatoka mwingi na mweupe kama maji. Baadaye mtu anachanganyikiwa, hata degedege. Kumwongezea maji ni kumzamisha.

Kinga yake ni rahisi: karanga za chumvi, biskuti za chumvi au ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na kila unapopumzika ule kidogo hata kama huna hamu. Kunywa kwa kiu yako, usijilazimishe.

Kiharusi cha joto nitakijuaje?

Mwenzako anapepesuka, anaongea maneno yasiyoeleweka, mwili unawaka. Usisubiri jasho likauke, maana anaweza kuwa bado analowa jasho. Mtoe juani, mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa kofia, na mtu mmoja akatafute msaada. Akiwa amechanganyikiwa, usimnyweshe kitu. Kila dakika ina thamani.

Natumia dawa za presha.

Muone daktari wako kwanza. Dawa zinazoongeza mkojo hupunguza maji na chumvi, na baadhi huzuia mwili kujipoza. Wenye kisukari wabebe insulini mahali pa baridi, maana joto huiharibu.

Mbingu ni safi. Bado niogope mafuriko?

Ndiyo, hasa kwenye nyufa nyembamba. Tarehe 12 Agosti 1997, huko Antelope Canyon, Arizona, watalii 11 walikufa kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Kwetu Afrika Mashariki, korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, limeua watu kwa mafuriko ya namna hiyo mwaka 2012 na tena 2019. Angalia utabiri wa eneo zima linalomwaga maji humo. Ukisikia mngurumo au ukiona maji yamekuwa tope, panda juu, begi liache.

Nikilala huko je?

Kulala bondeni kwenye hema kunahitaji kibali cha hifadhi, kiombe mapema. Simu sehemu kubwa haishiki. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye jina la njia, siku ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia apige simu hifadhini.